Chagua Spana Kama Unavyochagua Mbegu

Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni wazi. Mtu anayezunguka dukani akipima mpini huu na ule, hali mvua zimekwisha kuanza, huenda hana nia ya kulima. Methali hiyo ni ya kweli juu ya jembe, kwa sababu jembe baya humchosha anayelishika lakini haliliharibu shamba. Atalima polepole, atatokwa na jasho zaidi, lakini mwishowe shamba litalimika. Mambo ya motokaa hayako hivyo. Spana mbaya haimchoshi mwenye kuitumia tu, bali hukiharibu kitu kile kile alichokusudia kukitengeneza. Kwa hiyo katika kazi hii anayechagua ndiye fundi, naye asiyechagua ndiye atakayelipa.

Watu wengi katika nchi yetu ya Kenya sasa wana magari. Mkulima ana pikapu ya kupelekea maziwa na mboga. Karani ana motokaa ndogo iliyotumiwa kwanza huko Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Mwingine ana trekta kuukuu iliyomlimia baba yake. Magari hayo yote yana kazi ndogo ndogo zisizokwisha: kubadili mafuta ya injini, kufungua plagi, kusafisha vichwa vya betri, kukaza mkanda uliolegea, kubadili gurudumu. Kila moja ya kazi hizi yaweza kufanywa nyumbani siku ya Jumamosi na mtu ye yote aliye mwangalifu. Lakini wengi huzianza kwa vyombo vibaya, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa safari ya kukokotwa kwa kamba mpaka gereji. Yafaa basi tuangalie kwa makini namna ya kuchagua vyombo vitakavyodumu.

SPANA MBAYA HUHARIBU NINI

Tuitazame kwanza nati. Nati ina pande 6 na pembe 6. Spana ya mdomo wazi hushika pande 2 tu, na nguvu yote ya mkono wako huangukia penye pembe 2. Spana ya ringi huizunguka nati nzima, na nguvu ile ile hugawanyika katika pembe zote 6. Hii ndiyo sababu mafundi hutumia ringi kulegeza nati iliyokaza, kisha hutumia mdomo wazi kuimalizia upesi ikiwa imekwisha kulegea.

Sasa tufikirie kwamba mdomo wa spana ni mpana kuliko nati, hata kwa nusu ya milimita. Mdomo huo hauwezi kulala sawasawa juu ya upande wa nati. Hugusa ncha za pembe tu. Ukivuta, ncha zile humenyeka kidogo. Ukivuta tena, humenyeka zaidi, na baada ya mara tatu au nne nati imekuwa mviringo kama shanga. Tangu hapo hata spana iliyo bora kuliko zote haina cha kushika. Sasa yahitajiwa patasi, au msumeno wa chuma, au moto wa fundi wa kuunganisha vyuma.

Tumfikirie mkulima mmoja anayetaka kumwaga mafuta ya injini. Chini ya injini kuna bolti moja ambayo katika motokaa nyingi za Toyota kichwa chake ni cha milimita 14. Ana spana iliyoandikwa 14, aliyoinunua kwa bei ya chini, lakini mdomo wake umepanuka. Spana yateleza, pembe za bolti zakwisha, naye agonga vidole vyake kwenye chuma. Alipokuwa dukani alihesabu fedha alizobakiza. Hesabu hiyo haijafika mwisho. Sasa na aongeze bei ya bolti mpya, gharama ya kukokotwa, malipo ya fundi, na maziwa ya asubuhi yaliyochacha kwa kukosa gari. Kama fundi naye ana haraka na akaharibu hesi za ndani, yaani ile mizunguko inayoipokea bolti, basi huenda chombo kizima cha chini ya injini kikabadilishwa. Haya yote yametoka katika nusu ya milimita.

JUA KWANZA VIPIMO VYA GARI LAKO

Wengi huenda dukani wakiuliza bei kabla ya kujua wanachohitaji. Nambari iliyopigwa juu ya spana ni upana wa kichwa cha nati kutoka upande mmoja mpaka upande ulioelekeana nao, wala si unene wa bolti yenyewe. Katika magari ya Japani, vipimo vinavyotumika zaidi ni milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu mara nyingi ni 21. Kwa kawaida bolti yenye unene wa milimita 6 ina kichwa cha 10. Yenye unene wa 8 ina kichwa cha 12. Na yenye unene wa 10 ina kichwa cha 14.

Magari ya Ulaya yana desturi nyingine. Huko bolti ya unene wa 8 mara nyingi ina kichwa cha 13, na ile ya unene wa 10 ina kichwa cha 16 au 17. Basi mtu mwenye Toyota au Nissan akinunua seti yenye 13 lakini isiyo na 12 wala 14, amenunua vyombo vya gari la mtu mwingine.

Wenye matrekta wana jambo lao tena. Trekta nyingi za zamani zilizotoka Uingereza, kama Massey Ferguson 135 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, zina nati nyingi za inchi. Watu wengi hujaribu kuzifungua kwa spana za milimita, na hapa ndipo nati nyingi huharibika. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo spana nzuri ya 19 yaweza kuingia, maana tofauti ni ndogo mno. Lakini inchi 1/2 ni milimita 12.7. Spana ya 12 haiingii, na ya 13 inacheza. Inchi 9/16 ni milimita 14.29, ya 14 haiingii, na ya 15 ni pana mno. Inchi 11/16 ni milimita 17.46, ya 17 haiingii, na ya 18 yacheza. Mwenye trekta ya namna hii na anunue spana chache za inchi, wala asijidanganye kwamba vipimo hivi vyakaribiana vya kutosha.

Machafuko haya yana historia yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba hesi za bolti zote zifuate kipimo kimoja, kwa maana kabla ya hapo kila kiwanda kilikata bolti kwa mapenzi yake. Kipimo chake kilienea po pote palipofika mashine za Kiingereza. Baadaye, katika mwaka 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya kipimo kimoja cha hesi za inchi, na mashine zilizotengenezwa baadaye zikaanza kukifuata. Kwa hiyo mashine kuukuu sana zaweza kuwa na nati za Whitworth. Tahadhari: juu ya spana za Whitworth nambari ni ya unene wa bolti, si ya upana wa kichwa. Ukiiona spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/2, mdomo wake ni mkubwa sana kuliko wa spana nyingine ya inchi 1/2.

Njia iliyo rahisi ya kujua vipimo ni hii. Chukua daftari, azima spana za jirani aliye mwangalifu, kisha pima nati moja moja za gari lako na uandike: betri, bolti ya mafuta, mkanda, magurudumu, plagi. Baada ya saa moja utakuwa na orodha ambayo hakuna mwenye duka awezaye kukupa.

Tena, unapokwenda dukani, tia mfukoni bolti mpya 4 zenye vichwa vya 10, 12, 14 na 17. Jaribu kila spana juu ya bolti yake. Ikiingia bila kulazimishwa na isicheze ukiitikisa, mdomo wake ni wa sawa. Ikicheza kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto, irudishe rafuni hata ikiwa yang'aa namna gani.

NAMNA YA KUKITAMBUA CHUMA KIZURI

Mkulima mwenye akili hanunui mbegu kwa uzuri wa mfuko. Huuliza imetoka wapi, huimwaga kiganjani, huitazama. Spana nayo ni hivyo hivyo, kwa maana ubaya wa mbegu na ubaya wa spana huonekana baada ya fedha kwisha kutoka.

Spana nzuri hutengenezwa kwa kipande cha chuma cha pua kilichotiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kikafuliwa kwa nyundo kubwa ya mashine ndani ya kalibu, kisha kikatiwa moto tena na kupozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Spana mbaya mara nyingi ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kama uji, au kilichokatwa kutoka katika bamba, bila ya kutiwa moto ule wa mwisho. Chuma laini mno hufanya mdomo upanuke. Chuma kigumu mno huvunjika ghafula kama kigae cha chungu na kurusha vipande. Chuma kilicho bora hupinda kidogo kabla ya kuvunjika, na hivyo humwonya mwenyewe.

Ili kupata hali hiyo ya katikati, watengenezaji wengi huchanganya chuma cha pua na madini ya kromu na vanadiamu. Chuma chenye vanadiamu kilisifika sana katika kazi ya magari Henry Ford alipokitumia katika motokaa yake ya Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908. Utayaona maneno Chrome Vanadium juu ya spana nyingi. Ni alama njema, lakini si uthibitisho, kwa sababu mwenye nia mbaya aweza kupiga maneno hayo juu ya chuma cho chote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 juu ya bidhaa za kuigiza haikutungwa bure. Kwa hiyo macho yako na yasaidie pale ambapo maneno hayatoshi.

Tazama mambo haya. Kwanza, jina la mtengenezaji na nambari ya kipimo na viwe vimepigwa juu ya spana yenyewe, kwa herufi safi, wala si juu ya sanduku tu. Mtengenezaji asiyetaka jina lake lijulikane ana sababu yake. Pili, taya mbili za mdomo na ziwe sambamba kabisa, na meno ya ndani ya ringi yawe yamekatwa kwa usafi bila vinundu. Tatu, linganisha spana mbili za kipimo kimoja kutoka katika sanduku moja. Zikitofautiana, kiwanda hicho hakipimi kazi yake. Nne, tazama rangi ya juu. Ule mng'ao wa kromu umewekwa kwa kuzuia kutu, na ukiwekwa vibaya hubambuka vipande vikali kama wembe vinavyokata vidole. Vyote ving'aavyo si dhahabu; spana yenye rangi ya kijivu isiyong'aa sana yaweza kuwa bora kuliko ile unayojitazamia uso.

Usidharau pia vyombo vilivyotumika. Katika masoko yetu mara kwa mara hupatikana spana kuukuu zilizotengenezwa Uingereza, Ujerumani au Japani, ambazo zimefanya kazi miaka 40 na bado zaweza kufanya miaka mingine 40. Kutu ya juu juu hutoka kwa mafuta ya taa na brashi. Lakini mdomo uliopanuka, ufa mdogo penye ringi, au alama ya kuchomelewa, hizo ni dalili za kuiacha spana hiyo mahali ulipoikuta.

VYOMBO VYA KUANZIA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka na barabarani utaonyeshwa masanduku makubwa yenye vipande zaidi ya 100 kwa bei ya kushangaza. Hesabu vipande hivyo vizuri. Utakuta kwamba zaidi ya nusu ni vichwa vidogo vya bisibisi ambavyo hutavitumia maisha yako yote, na soketi zile unazozihitaji kila wiki ndizo laini kama risasi. Afadhali vyombo 12 vilivyo bora kuliko 100 vya kuhesabu. Tena hakuna sheria isemayo kwamba vyote vinunuliwe siku moja. Mwenye mshahara wa mwezi na anunue kimoja au viwili kila mwezi, na baada ya mwaka mmoja atakuwa na sanduku la kuonewa wivu.

Anza na spana zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, kwa vipimo vya 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Kama fedha ni chache, anza na 10, 12 na 14, kwa sababu hizo tatu ndizo zitakazoshikwa zaidi katika gari la Japani.

Kisha tafuta soketi za vipimo hivyo hivyo, pamoja na mpini wa racheti na fimbo ya kurefushia. Soketi huwa na pande 6 au pembe 12 kwa ndani. Ya pande 6 ni bora kwa mtu wa nyumbani, kwa maana hulala juu ya pande za nati badala ya kung'ang'ania ncha, na huweza kuikamata hata nati iliyoanza kuliwa. Geuza racheti mbele na nyuma karibu na sikio; sauti ya meno yake na iwe sawa, bila kurukaruka. Usisahau soketi ya plagi. Plagi nyingi za magari ya Japani huhitaji ya milimita 16, na baadhi ya injini mpya zaidi huhitaji 14.

Bisibisi na ziwe 4: mbili za ncha bapa na mbili za ncha ya msalaba, kubwa na ndogo. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Skrubu za msalaba hazifanani zote. Ule msalaba ulioenea duniani una jina la Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hati zake katika mwaka 1936, na bisibisi yake huelekea kuruka nje ya skrubu nguvu ikizidi. Wajapani wana msalaba wao unaokaribiana na huo lakini wenye ncha iliyo butu kidogo, na mara nyingi skrubu zao zina alama ya nukta moja juu ya kichwa. Ukiona nukta hiyo penye kabureta au pikipiki, tafuta bisibisi ya Kijapani, ama sivyo utakichimba kichwa cha skrubu mpaka kiwe shimo.

Ongeza koleo moja, ambayo mafundi huiita plaisi, na nyundo moja yenye uso mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Ongeza pia geji ya kupimia upepo wa magurudumu, kwa maana tairi lenye upepo pungufu hula petroli na huisha upesi.

Vipi juu ya spana ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kufungwa kwa kidole? Msweden Johan Petter Johansson aliitengeneza kwa ustadi katika miaka ya 1890, na ni chombo chema kwa mifereji ya maji na kwa kazi za dharura. Lakini isiwe chombo chako cha kwanza, kwa maana taya yake moja hutembea na hulegea. Ikiwa huna budi kuitumia, ikaze mpaka iguse nati pande zote, kisha igeuze ili nguvu ya kuvuta iiangukie taya isiyotembea.

NGUVU NI KIASI

Watu husema spana imevunjika, hali ni wao walioivunja. Urefu wa spana haukuwekwa kwa bahati. Spana ya 10 ni fupi kuliko ya 19 kwa sababu bolti yake ni nyembamba na haihitaji nguvu kubwa. Bolti ya unene wa milimita 6 kwa kawaida hukazwa kwa nguvu inayolingana na kuvuta kilo 4 tu mwishoni mwa mpini wa sentimita 25. Mtu mzima aweza kuvuta kilo 20 bila taabu. Akichomeka bomba la maji ili mpini uwe na urefu wa mita 1, zile kilo 20 huwa sawa na kuvuta kilo 80 kwenye mpini wa kwanza. Hapo kitu fulani lazima kikubali kushindwa: bolti, spana, au meno ya mvutaji.

Nati za magurudumu zastahili kuangaliwa zaidi. Katika motokaa nyingi ndogo za Toyota hukazwa kwa nyutoni mita 103, yaani karibu sawa na kuvuta kilo 21 mwishoni mwa mpini wa nusu mita. Nati iliyolegea yaweza kuliachilia gurudumu njiani. Nati iliyokazwa kwa kurukiwa juu ya spana haitafunguka siku utakapopata pancha usiku barabarani, na pengine bolti yake itakatika. Kuna spana maalumu ya kupimia nguvu, na mwenye uwezo na aitafute baada ya kupata vyombo vya kwanza.

Nati iliyoshikwa na kutu haihitaji nguvu kwanza, yahitaji subira. Itie mafuta mepesi ya kupenya, iache usiku kucha, igonge kidogo kwa nyundo asubuhi, kisha tumia ringi au soketi ya pande 6. Siku zote vuta spana kuja kwako wala usiisukume. Ikiteleza wakati wa kusukuma, vidole ndivyo vitakavyofika kwanza.

JEKI INAINUA, HAISHIKILII

Mambo yote tuliyoyasema mpaka sasa yahusu fedha. Hili lahusu maisha ya mtu. Jeki imetengenezwa kwa kuinua gari, haikutengenezwa kwa kulishikilia mtu akiwa amelala chini yake. Jeki ya mafuta yaweza kuvuja bila kutoa habari. Jeki ya skrubu yaweza kuegama. Katika udongo wetu, hasa baada ya mvua, mguu wa jeki huzama polepole mpaka gari linateleza.

Kwa hiyo nunua stendi mbili za chuma zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba, wala usiweke nafasi yake mawe au matofali ya saruji yenye matundu ndani. Matofali hayo hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umeenea. Uzito wa gari ukisimama mahali pamoja huyapasua kwa mara moja. Kabla ya kuinua, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na uweke ubao mgumu na mpana chini ya jeki. Gari likisha kukaa juu ya stendi, litikise kwa mkono kabla ya kuingia. Kama litaanguka, na lianguke ukiwa nje. Tahadhari kabla ya hatari. Mtu asiye na fedha za stendi asiingie chini ya gari mwezi huu. Na angoje mwezi ujao. Hakuna mafuta ya injini yaliyo na haraka kupita uhai wa baba wa watoto.

UTUNZAJI, NA KAZI ZA KUACHA

Chombo chema hudumu kwa kutunzwa. Kila kazi ikiisha, pangusa spana kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hesabu vyombo vyote, na uvirudishe mahali pake. Sanduku la bati la kutosha hupatikana kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na kwa wenzao katika miji mingine. Uliweke juu ya rafu, mbali na samadi na mifuko ya mbolea, kwa maana mbolea ya chumvichumvi hula chuma. Usitumie bisibisi kama patasi, wala spana kama nyundo. Unapofungua betri, anza na upande hasi, ili spana ikigusa mwili wa gari isitoe cheche. Unapoazima chombo kwa jirani, kirudishe siku ile ile na kikiwa safi, naye atakuazima tena.

Mwisho, yafaa kujua mahali pa kukomea. Breki na usukani ni kazi ya fundi aliyefundishwa, isipokuwa umeonyeshwa na mwenye kujua na ukasimamiwa. Hata kufungua mfereji mmoja wa breki kwahitaji spana ya pekee inayoizunguka nati karibu yote, kwa maana nati zile ni laini, na nyingi ni za milimita 10. Kumpelekea fundi kazi hiyo si aibu. Na hata hapo vyombo vyako havikupotea bure, kwa kuwa aliyeshika spana nzuri kwa mkono wake huweza kumtazama fundi akifanya kazi na kujua kama anaitumia spana ya kipimo au anaila nati ya mwenyewe.

Basi ndugu msomaji, mwezi huu ukipata mshahara au malipo ya maziwa, usianze na sanduku kubwa lenye kung'aa. Andika vipimo vyako, tia bolti zako mfukoni, nenda dukani, nunua spana moja ya 12 iliyo ya kweli. Mwezi ujao nunua ya 14. Mwanao atakapokuwa mtu mzima atazikuta sandukuni zikiwa bado zashika nati kama siku ya kwanza, naye hatakuwa na haja ya kuuliza kama baba yake alijua kuchagua.